Sindano Yenye Kifuniko

Uvumi ulimganda Mama Tunu tangu bombani: eti wale walimu wa uuguzi wa kwenye simu hawafungui video za wanafunzi, wanaandika tu "Vizuri". Binti yake alikuwa ameshatuma video tisa akilichoma papai sindano, na sifa tisa zilikuwa zimerudi. Jumatatu angeanza kuwachoma sindano watoto wachanga kliniki.

"Nirekodi mimi," mama akasema. Akaishika sindano bila kuvua kifuniko, akaligonga papai nayo.

"Mama, utanifelisha."

"Afadhali ufeli hapa kuliko kwenye paja la mtoto wa mtu."

Video ikaenda. Chai haijapoa, jibu likaingia: "Vizuri sana, Tunu. Mkono wako mwepesi."

Tunu hakucheka. "Kwa hiyo zile zangu zote..."

"Hakuna aliyekutazama, mwanangu. Wamekudharau wewe, na wamewadharau wagonjwa pia."

Mama akaichukua simu, akaandikia kundi la wazazi wa mtaani:

Msipokee sifa isiyosema mwanafunzi amekosea wapi.
Msinyamaze kwa kuogopea cheti.
Na Jumatatu, msimpe Tunu wangu mtoto wenu, mpaka muuguzi mzoefu asimame kando yake.