Nani Alipuliza Jagi la Kijani

Mtaalamu alilipindua jagi la kioo la kijani, akapitisha kidole gumba kwenye kovu la kitako chake, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Ukumbi mzima wa makumbusho ulimtazama.

"Halina jina, halina muhuri," alisema. "Lakini aliyelipuliza yumo humu ndani, maana wadai wote wawili wamefika."

Wadai wenyewe walikuwa Bi Shoto na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Jina la mmoja wao lingechongwa ukutani siku hiyo, juu ya kabati la yale majagi ambayo sasa wenye majumba walikuwa wakiyagombea kama vichaa. Shemeji alisimama na suti mpya, meno yote nje. Bi Shoto alikaa kiti cha mbele, mkono wa kushoto umefichwa ndani ya mtandio. Jina hilo la Shoto alipewa na mumewe mbele ya tanuru, na nje ya familia hakuna aliyelijua.

Loo, shemeji yule alikuwa na macho makavu! Siku watu wa afya walipokuja kuifunga karakana yalikotengenezwa majagi, alikuwa wa kwanza kuapa kwamba hajui lolote kuhusu vioo, eti alikuwa akipita njia tu. Majagi yalipopata thamani, kumbukumbu zikamrudia zote kwa mpigo.

"Shangazi," binti wa kaka yake alimnong'oneza Bi Shoto, "leo mvue nguo hadharani. Usimwonee haya."

"Hicho ndicho kilichonileta."

Hakuwa akitania. Alimchukia shemeji yake kwa chuki ya kulala nayo na kuamka nayo, na alichonyang'anywa na mtu yule hakikuwa kitu cha kuombwa radhi kikaisha.

Mtaalamu aliwaruhusu waulizane maswali. Shemeji akacheka. Amwulize nini mama wa watu? Basi Bi Shoto akaanza, taratibu, kwa sauti ya mtu mwenye adabu zake.

"Shemeji, rangi hii uliipataje? Kijani cha namna hii sijakiona kwingine."

Watu wakatazamana. Huo ni mtego, walifikiri; mwizi wa kazi ataijulia wapi rangi? Kumbe Shemeji aliijua vizuri sana. Alieleza alivyouagiza ule unga wa kijani, alivyoupima, na kiasi kilichoingia tanuruni.

"Pengine ulisaidiwa na marehemu kaka yako?"

"Kaka alikuwa ameshakufa! Siri ya unga ilikuwa yangu peke yangu. Hata ufunguo wa ghala nilikuwa nao mimi."

"Na wale waliousaga?"

"Walisaga nilivyowaamuru. Bila mimi hakuna aliyegusa kitu pale."

Binti alimfinya shangazi yake paja. Mbona alikuwa akimpamba adui? Ni kweli, Bi Shoto alikuwa akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na Shemeji aliyapokea yote na kuomba mengine.

"Kwa rangi nimeridhika," Mtaalamu alisema. "Limebaki jambo moja."

Akaliinua jagi kwenye mwanga. Michirizi ililizunguka kuanzia shingoni hadi kitakoni. Kioo kikiwa bado laini, alieleza, mpulizaji hulizungusha bomba lake bila kupumzika, na mtu wa mkono wa kulia huzungusha upande mmoja siku zote. Michirizi hii ilikuwa imekwenda upande wa pili.

"Aliyelifanya hili anatumia mkono wa kushoto."

Shemeji akapauka. Glasi ya maji aliyoishika kwa mkono wa kulia akaihamishia haraka mkono wa kushoto. Ukumbi wote ukamgeukia Bi Shoto.

"Mama," Mtaalamu aliuliza kwa upole, "wewe unatumia mkono gani?"

Binti alikuwa tayari anafuta machozi ya furaha. Bi Shoto alilitazama jagi. Pumzi yake mwenyewe ndiyo iliyolitunisha, na mpini ule aliuvuta akiwa ameungua vidole viwili. Lilikuwa zuri kuliko kitu chochote alichowahi kufanya. Hata hivyo akainua mkono wa kulia.

"Huu hapa," alisema. "Majagi si yangu. Shemeji alikuwa akizungusha bomba kwa mkono wowote, nimemwona kwa macho yangu. Nilidai kwa wivu tu. Mnisamehe."

"Shangazi!"

Shemeji alijua fika kwamba ule ni uongo mtupu. Alimkodolea macho Bi Shoto, akitafuta ubaya ulipo, lakini ukuta ulikuwa pale mbele yake, mweupe, ukingoja jina.

"Tamka basi watu wasikie," Bi Shoto alimwambia, "tuyamalize."

Akatamka, kifua mbele. "Majagi haya ni yangu, tangu unga mpaka mpini! Karakana ilikuwa yangu, na kila aliyefanya kazi mle alifanya kwa amri yangu!"

Makofi yakapigwa. Mwanamume mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kila mtu alimdhania mwandishi wa habari, hakupiga. Alizima kinasa sauti chake, akaja mbele polepole huku akitoa pingu mfukoni.

"Umemsikia mwenyewe, afande," Bi Shoto alisema. "Sasa akutajie wote waliokufa kwa kuusaga ule unga wenye sumu, na aanze na mwanangu."