Aliyekuja Kusamehe

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, ingawa alivaa vizuri kuliko werevu wote wa mtaa wa Barracas. René, mwimbaji wa muziki wa tango aliyekuwa akishangiliwa katika kumbi za katikati ya Buenos Aires, aliingia kwenye ua wa nyumba ya wapangaji na shada la waridi mkononi. Alikuja kusamehe.

Mwanamke mwenye mvi aliyekuwa akifua kwenye karo aliinua kichwa, akakausha mikono haraka haraka kwenye aproni, kama anayetaka kumlaki mtu. René akagusa kofia.

"Baadaye, baadaye," akasema, akapita.

Alikuwa amemsaka Lauro Pedernera mpaka soli zikalalamika. Lauro ndiye mtunzi wa maneno ya ule wimbo uliompa René jina mjini. Katika kila mkahawa walimsifu. Sura yake hakuna aliyeijua. René aliambulia patupu, na hasira. Huyo mtu alizijuaje habari za ua huu? Wimbo ulitaja mzabibu wake, na kasuku wake mwenye jicho moja, na msichana aliyeondoka siku za kanivali, akajibandika jina la Kifaransa, akamsahau mama yake akifulia watu nguo. Kila alipouimba, René alilia machozi ya kweli. Msichana huyo, kwa akili yake, hakuwa mwingine ila Etelvina, mchumba wake wa zamani.

Akasukuma mlango. Etelvina alikuwa akipiga pasi shati la mteja.

"Kumbe umerudi," René akasema.

"Kutoka wapi, Eleuterio?"

"Usiniite hivyo."

"Haya, bwana René wa Kifaransa. Kutoka wapi?"

"Huko mjini, kwenye makabareti ya dansi. Nimeshajua yote, na nimekusamehe."

Etelvina akarudisha pasi iliyopoa kwenye jiko la makaa, akachukua yenye moto. "Na hizi pasi nilicheza nazo tango?"

"Usinifanyie mzaha. Huyo Lauro anakuja hapa?"

"Anakuja? Hapa ndipo anapolala."

René akaangaza macho. Kitandani mto mmoja. Mezani kibuyu kimoja cha kunywea chai ya mate. Kofia ya kiume hakuna, viatu hakuna.

"Amekwenda wapi?"

"Hajaenda popote."

"Mwoga mkubwa. Anaanika siri zako mbele ya walevi, halafu anajificha nyuma ya gauni lako. Hata mama yako kamtia wimboni."

"Mama yangu alikufa mimi sijaota meno. Na wewe unajua."

René alijua. Miiba ya waridi ilikuwa imeanza kumchoma kiganja.

"Basi huyo msichana ni nani?" akafoka. "Na huyo Lauro ni nani?"

Etelvina akaiweka pasi chini.

"Lauro ni mimi. Wimbo wenye jina la mtunzi wa kike wachapishaji wanaurudisha bila kuusoma. Na msichana ni wewe, Eleuterio. Nilikuvika gauni tu, maana hakuna anayekwenda ukumbini kumlilia mwanamume aliyepotea. Sasa chukua maua yako umpelekee mama yako, pale karoni. Umempita ulipokuwa ukiingia."