Kasha la Kompyuta ya Kengele

Mzee Eliécer alilibandika kasha shavuni, akafumba macho, kisha akalirudisha mezani. Hilo nalo halikumfaa.

Lilikuwa la tatu. "Mzee, unachagua kasha au mchumba?" akauliza Yuleidis, mwenye kibanda cha vifaa vya kompyuta katika soko la Barranquilla.

"Mchumba ningekuwa nimeshampata."

Yuleidis hakuwa na moyo wa kumfukuza. Mzee alikuwa mtunza kanisa wa mtaa wa mlimani. Kengele yao ilipasuka zamani, na sasa kikompyuta cha ukubwa wa karata ndicho kilichopiga sauti ya kengele kwenye spika. Kwa joto la mji ule kilichemka na kuzimika katikati ya misa. Jumapili mjumbe wa askofu angekuja kuhesabu waumini. Wakiwa wachache tena, kanisa lingefungwa, na humo ndimo mzee alimobatizwa, akaoa na kumwombea marehemu mkewe.

La feni alilikataa kwa sababu linanguruma. La matundu, eti linapoteza joto ovyo. Mwishowe Yuleidis akatoa la alumini nene, akakitia ndani kikompyuta cha mzee na kukiwasha.

"Hili linafyonza joto lote na kulileta nje. Kompyuta inabaki salama, ila wewe usiliguse, litakubabua."

Mzee akaliwekea kiganja, akakiacha hapo.

"Lina kelele?"

"Halina."

"Taa?"

"Halina hata moja."

"Nifungie hilo, mwanangu."

Jumapili Yuleidis alipanda mlima kwenda kuona kazi ya kasha lake. Kengele haikulia. Aliumia sana, akajua amemponza mzee wa watu.

Lakini kanisani hapakuwa na pa kukanyaga. Watu walifurika hadi barabarani, na muuza arepa, vile vimkate vya mahindi, alishahamishia kikaango chake mlangoni. Mbele kabisa, mjumbe wa askofu alikuwa amepiga magoti chini ya sanamu ya shaba ya Mtakatifu Paskali, analia kama mtoto. Akina mama walinong'onezana kwamba tangu Ijumaa miguu ya mtakatifu ina joto la mtu aliye hai.

Yuleidis alisukumwa na umati mpaka akafika. Akanyoosha mkono, akaushika unyayo. Kweli, ulikuwa wa moto.

Mzee Eliécer akamwinamia sikioni.

"Gusa polepole, mwanangu. Usije ukang'oa waya."