Saini Kwenye Kura

Msimamizi wa uchaguzi aliiweka mezani kura moja iliyobaki na utata, na Bronwen, mgombea, akaisogelea.

Kumekucha, na bado wamo kwenye ukumbi wa michezo, wamehesabu mara ya tatu. Bila kura hiyo, yeye na mpinzani wake wamefungana. Huko London hakuna anayejua nani ataunda serikali mpaka jimbo hili liseme.

Alama ya mkasi, X, ilikuwa kwenye jina la Bronwen. Chini yake mtu ametia saini kwa penseli, herufi ya mwisho ina mkia uliopinda kama ndoano.

“Kura inayomtambulisha mpigaji tunaitupa,” msimamizi alisema. “Ila hii saini haisomeki. Kama hakuna anayeijua, naihesabu. Nikiitupa, mtabaki sare, na mshindi atapatikana kwa bahati nasibu: mtachota karatasi kwenye boksi.”

“Hapo kuku kapita na tope,” mpinzani akasema, akipiga miayo. “Haya dada, bahati yako.”

Bronwen aliinamia karatasi. Aliutazama ule mkia. Mkia huohuo ulikuwa chini ya kila ripoti yake ya shule.

“Ni ya baba yangu,” alisema.

Msimamizi akauvuta muhuri wa kura zilizokataliwa.