Kawa la Bi Mwanakombo

Kila nyumba ilikuwa na mmea wake mla wadudu, na sheria ilisema mdudu yeyote atakayeonekana ni chakula cha mmea. Lakini wadudu walikwisha zamani, kwa hiyo Bi Mwanakombo aliulisha wake punje za dukani kwa kibano, kinywa baada ya kinywa, navyo vilijifunga shingo upande, kama mtoto anayelazimishwa uji.

Alasiri moja nzi akaingia dirishani. Mvumo wake ulimrudisha Bi Mwanakombo jikoni kwa mama yake, kwenye harufu ya samaki na maganda ya embe, mama akipunga upindo wa kanga huku akiwatukana nzi wote kwa pamoja.

"Bibi, nini hicho?" Raya, mjukuu wake, alikwisha kushika kibano. "Tuupe mmea?"

"Hebu ngoja."

Alitungua ukutani kawa la ukindu la mama yake, akaufunika mmea kama alivyofunzwa kufunika chakula. Nzi akatua juu ya kawa, akasugua miguu.

"Wenzake wako wapi?" Raya akauliza.

Kawa lilikuwa limeanza kuinuka, taratibu, likisukumwa kutoka chini.