Pazia la Wodi ya Nne

Mtafiti wa chuo kikuu, binti mdogo tu, alifunga daftari lake. "Waliolala wakiuona ule mkwaju wa uani walirudi kwao mapema, Sista. Waliofungiwa pazia walikawia. Wengine hawakurudi."

Miaka ishirini na sita Sista Sikudhani alilifunga pazia lile kila asubuhi, jua lisiwasumbue wagonjwa. Akamkumbuka bibi wa kitanda cha tisa: "Mwanangu, nifungulie kidogo tu." Naye alimjibu, "Lala, bibi, utapona." Bibi hakurudi kwao.

Alilifungua pazia kwa mikono miwili. Wagonjwa wote wakageuza nyuso dirishani. Kitanda cha tisa kilikuwa kitupu, lakini mto wake, aliounyoosha mwenyewe alfajiri, ulikuwa umebonyea, kana kwamba kichwa kimelala kikitazama upande wa mkwaju.