Khanga Juu ya Taa

Asubuhi hiyo, baada ya siku arobaini za giza, taa iliyo juu ya mlango wa Somoe iliwaka kijani. Kila nyumba mjini ilikuwa na taa kama hiyo. Bei ya gesi ikipanda, taa zinawaka na watu wote wanakwenda kazini. Ikishuka zinazimika, na kuanzia fundi wa kisima cha gesi hadi mkunga na kinyozi, wote wanakaa nyumbani. Asiyefika kwenye geti la kazini kabla ya king'ora, nafasi yake anapewa mtu wa mkoa mwingine.

Somoe aligeuka kumwita mumewe. Nandonde alikuwa uani anakuna nazi, vibaya kama kawaida yake, na binti yao amempanda mgongoni anamsuka zile nywele zilizokosa kinyozi. Kabla taa haijazimika, mtoto huyo alikuwa akimwamkia baba yake kama mgeni.

Somoe hakumwita. Akachukua khanga mbichi kwenye beseni, akaitundika juu ya taa. Anywe chai kwanza, alijisemea.

Nandonde akaingia sebuleni. Akaiona khanga ikining'inia mlangoni, na kijani kikipenya kwenye maua yake.

"Khanga haijakauka, Mama Shakila?"

"Bado, Baba Shakila."

Akavuta mkeka, akakaa. "Basi nimiminie chai."

King'ora kilipolia, Somoe akachungulia nje awaone wanaokwenda kazini. Njiani kweupe, hata paka hapiti. Juu ya kila mlango, hadi mwisho wa mtaa, khanga zilikuwa zikichuruzika maji.